Siku 10 za kumwangalia mbwa sio za kukaa na mtoto nyumbani

Mkuu acha kila kitu usome hii kwanza. Umeandika katoto ka mbwa kamemng'ata binti yako kidole jana jioni, damu ikatoka kidogo, na umeamua ukafunge ukaangalie siku 10 ndo ujue kama sindano za kichaa cha mbwa zinahitajika. Hapana!! Hiyo ya kusubiri ndo niliyomfanyia mwanangu.

Wangu alikuwa na miaka sita. Kidonda chenyewe kitobo tu kama cha mwiba pembeni ya dole gumba. Jirani mwenye mbwa akaja kaniambia "mbwa mdogo hana kichaa bana, kichaa ni cha wale wazururaji, si unamwona anakula anacheza". Uongo mtupu, katoto ka mbwa kakishang'atwa na mbwa mwingine au mbweha mwenye kichaa kanaumwa kama mkubwa. Ila mimi nilikuwa nimeshasikia habari ya siku 10 nikajiona naelewa, tukapangusa kidole na kitambaa basi. Siku ya nne katoto ka mbwa kakagoma kula, ya tano taya limelegea udenda unachuruzika sauti imekauka, ya sita kamekufa. Na jirani akakazika usiku kimyakimya! Nilikuja kuambiwa na mtoto wake. Angemwita daktari wa mifugo ubongo ungepimwa tukajua moja, lakini yeye aliogopa lawama kuliko alivyomwogopea mwanangu. Kwa hilo sijamsamehe mpaka leo.

Tukakimbia hospitali siku ya saba. Nesi akaniuliza "mlikuwa mnasubiri nini baba?" sikuwa na jibu. Wakachoma dawa ya kingamwili, yaani kinga iliyo tayari ya kupambana na virusi wakati chanjo haijaanza kazi, palepale kwenye kitobo, kidole chembamba kile kikatuna, mtoto analia huku ananiangalia mimi, afu chanjo begani, na tukarudi siku ya 3, ya 7 na zilizofuata toka sindano ya kwanza. Alipona kwa sababu dalili zilikuwa hazijaanza, zikishaanza karibu wote wanakufa. Na virusi hivi vinapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kwenda ubongoni, mara nyingi mwezi mmoja mpaka mitatu, wengine hata zaidi ya mwaka, kwahiyo chanjo imeisha lakini mimi kila asubuhi nampa kikombe cha maji nasimama naangalia koo lake linavyomeza, maana mwenye kichaa hushindwa kumeza maji. Akipaliwa tu miguu inaniisha nguvu. Miezi na miezi hivyo.

Sasa elewa hizo siku 10 zimetoka wapi. Mbwa anaanza kutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla hajaonekana mgonjwa, ndo maana akivuka siku 10 toka ang'ate na bado mzima basi siku ile mate yake hayakuwa na virusi. Kwahiyo siku 10 ni za kuamua kusimamisha chanjo, SIO za kuamua kuanza! Unaanza leo, mbwa anaangaliwa huku mtoto anachomwa, akivuka salama daktari atawaambia muache zilizobaki. Hakuna ulichopoteza hapo.

Mwoshe kidonda sasa hivi hata kama jana ulimwosha, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 za kuangalia saa, mwagia iodini kama unayo, usipake majivu wala pilipili wala chochote cha jirani. Afu ondoka naye. Ukifika usiseme "amekwaruzwa kidogo", sema amepenywa na jino damu ikatoka, maana hapo anatakiwa apate na ile kingamwili sio chanjo peke yake. Wakikwambia hawana usirudi nyumbani, waanze chanjo hapohapo afu waulize kingamwili inapatikana wapi, ndani ya siku 7 toka chanjo ya kwanza bado inachomwa.

Binti yuko wapi saa hizi? Kama yuko shule kamchukue, na ukishatoka huko niandikie hapa niko macho.