Mahindi matamu yakizidi kihambani

Mwaka jana nilipanda mahindi matamu kwa pupa. Masika yalipoanza mwezi Machi nilimaliza pakiti nzima ya mbegu kwa siku moja, kwenye kile kipande cha kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, huku Kibosho mlimani Kilimanjaro, ambacho migomba haijakitia kivuli. Juni yakakomaa yote kwa pamoja. Tulichemsha, tukachoma, nikagawia majirani. Siku ya nne watoto wakawa wanayapita mezani kama hawayaoni.

Nikaona bora niyaache yakauke, nisage unga. Mama mkwe akapita shambani, akamenya hindi moja na kubonyeza punje kwa ukucha. "Mwanangu, haya si ya unga. Ukiyaacha utavuna ngozi tupu." Ni kweli. Mahindi matamu yakikauka punje hukunjamana, na hata kabla ya hapo sukari yake hugeuka wanga, haraka zaidi yakishachumwa na kukaa kwenye joto. Kipimo cha ukucha nakitumia hadi leo: maji yakitoka maangavu, bado, yakiwa meupe kama maziwa, chuma leo, ukikuta ujiuji mzito, umechelewa. Mimi huchuma asubuhi kabla jua halijapanda, na huchuma yale tu nitakayoyamaliza siku hiyo.

Yaliyotuokoa ni makande. Tumezoea makande ya mahindi makavu, ya kuwekwa jikoni asubuhi yaliwe jioni, lakini haya matamu huiva upesi mno, kwa hiyo yanaingia mwisho. Chemsha kwanza maharage mabichi mpaka yalainike. Pembeni kaanga kitunguu, karoti na nyanya, umimine maharage na tui la nazi moja, kisha ndipo utie punje ulizozikata kwa kisu. Dakika kumi zinatosha. Zikizidi, punje zinakuwa ngumu na utamu unapotelea kwenye mchuzi. Chumvi tia kidogo, maana utamu upo tayari. Kwetu tunakula na parachichi, na sufuria ya watu sita huondoa mahindi kumi na mawili bila mtu kulalamika.

Loshoro, kile chakula cha mahindi na maziwa mgando, nisingekushauri. Inataka mahindi makavu yaliyokobolewa, yenye kushikana na maziwa. Haya hulegea na kuleta utamu usiohitajika.

Kwa chai ya asubuhi, saga vikombe viwili vya punje, changanya na yai, vijiko vinne vya unga wa ngano, kitunguu na hoho zilizokatwa ndogondogo, ukaange kama chapati za maji. Watoto wale wale waliokuwa wakiyapita mezani waligombania cha mwisho.

Magunzi usiyatupe. Yachemshe nusu saa na tangawizi na kitunguu, chuja, upate maji matamu ya kupikia supu ya viazi au ya kuku. Maganda na mabua ni ya ng'ombe, hilo huhitaji kuambiwa.

Kuhusu friza, nilikosea nikajifunza. Mara ya kwanza nilikata punje mbichi nikazigandisha hivyo hivyo. Baada ya wiki chache zilikuwa na ladha ya gunzi, nikampa kuku debe zima, na iliniuma. Sasa natumbukiza mahindi mazima kwenye maji yanayochemka kwa dakika nne, nayahamishia kwenye maji baridi sana mpaka yapoe kabisa, nakata punje, nakausha maji kwa kitambaa, halafu natia kwenye mifuko midogo na kuilaza bapa. Umeme ukikatika, usifungue friza kuchungulia. Mifuko hiyo ilifika Desemba, ndugu walipopanda mlimani kwa Krismasi, na makande ya mahindi mabichi yakaliwa wakati hakuna hindi bichi shambani.

Mwaka huu nimegawanya mbegu: mistari minne mifupi, iliyokaa pamoja ili upepo usambaze chavua vizuri, kisha baada ya wiki mbili minne mingine. Na nimezungumza na jirani yangu wa chini, kwa sababu mahindi yake ya kawaida yakitoa mbelewele, yale maua ya juu yenye chavua, wakati mmoja na ndevu za yangu, punje zangu hupoteza utamu. Ameshapanda yake, nami nimesubiri wiki tatu.