Chubwi zenye makunyanzi na rangi inayobanduka

Ndugu, umeuliza kwa nini chubwi zako, yaani vizito vya madini ya risasi vya kuvulia samaki, zina makunyanzi na rangi yake inabanduka; hayo ni matatizo mawili. Makunyanzi hutokana na kalibu (chombo cha kumiminia risasi ipate umbo) ya baridi au yenye mafuta. Ioshe, ipashe moto, na chubwi za mwanzo zirudishe kwenye chungu cha kuyeyushia mpaka zitoke laini. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Imimine ikiwa 370 hivi. Ukiyeyusha vipande vya kusawazisha magurudumu ya magari, vinavyoelea bila kuyeyuka ni zinki au chuma, viopoe kabla chungu hakijafika 420. Mabamba ya betri usiyaguse kabisa, yanaweza kutoa gesi ya sumu.

Rangi ya brashi haidumu kwenye mawe ya ziwa letu. Tumia rangi ya unga, ile ya mafundi wa madirisha ya alumini. Chubwi zisishikwe kwa vidole vitupu. Zitikise na unga kwenye kopo la plastiki, panga zisigusane, oka kwenye oveni nyuzi 200 kwa dakika 20. Ponda moja kwa nyundo: rangi ikipasuka, haikuiva.

Yeyushia nje, upepo ukiwa mgongoni, watoto mbali. Risasi za nyavu na chubwi zilizotoka majini zikauke kwanza kabla ya kuyeyushwa, maana tone moja la maji likizama kwenye risasi ya moto huirusha usoni. Oveni hiyo isipike chakula tena.