Kukaza valvu ya usalama hakutakipandisha kichwa chako cha treni kilimani

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko Mafinga. Kwenye yadi yetu ya mbao tumetengeneza kichwa kidogo cha treni ya mvuke cha kuvuta vitoroli kutoka kwenye msumeno hadi banda la kukaushia. Kina uzito wa tani mbili na nusu, silinda mbili za milimita 125, pistoni inatembea milimita 150, magurudumu ni ya milimita 400 na yote manne yanaendeshwa. Tunachoma mabanzi. Tambarare kinavuta tani nane bila shida. Lakini kuna kilima kinachopanda mita 1 kwa kila mita 40. Tunaanza na presha ya bar 10, katikati ya kilima imeshuka hadi 6 na kichwa kinasimama. Fundi mmoja mzoefu ametushauri tukaze valvu ya usalama ifike bar 15 ili tupate nguvu. Tukaze? (Fundi, Mafinga)

JIBU: Marahaba, fundi. Msikaze. Kama mmeshakaza, zimeni moto, acheni boila ipoe yenyewe, na msiwashe tena mpaka valvu irudishwe ilipokuwa na mtu mwenye idhini ya kuipanga.

Naanza kwa ukali kwa sababu swali hili halinipi nafasi ya kupumua. Naulizwa na watu wa viwanda vya chai Mufindi na Rungwe, naulizwa na wenye mabanda ya kukaushia mbao Njombe, na vijana wa vyuo Mbeya wananiletea michoro ya injini ambayo uboreshaji wake wote ni kuandika presha kubwa zaidi pale juu ya karatasi. Kila mara kuna "fundi mzoefu" nyuma yake, na kila mara dawa yake ni spana.

Sikiliza geji yako mwenyewe inavyosema. Valvu ya usalama hufunguka presha inapozidi kipimo chake. Kilimani presha yako inashuka kutoka 10 hadi 6, maana yake valvu haijafunguka hata mara moja na haijakupotezea hata tone la mvuke. Sasa ukiikaza ifike 15, pale kwenye 6 itakusaidia nini? Haihusiki kabisa na kilima kile. Tatizo lako ni kwamba silinda zinakula mvuke haraka kuliko boila inavyoupika.

Presha kwenye geji ni kama maji ndani ya pipa. Inakuonyesha akiba iliyopo. Haikuonyeshi bomba linalojaza pipa linaleta maji kwa kasi gani, na kilimani unakotoa kwa ndoo, kasi hiyo ndiyo kila kitu.

Tufanye hesabu kwa vipimo ulivyonipa. Kwa bar 10, kichwa chako kinaweza kuvuta kwa kani ya kilo 500 hivi. Mzigo wa tani nane pamoja na kichwa chenyewe, kwenye mwinuko huo, unataka kilo 260 za kupanda tu, ukiongeza msuguano wa vitoroli vya yadi unafika kama 370. Kwa hiyo kwa bar 10 kilima kinapandika, na unabakiwa na ziada. Kwa bar 6 kani inashuka hadi kilo 300, na hapo ndipo mnaposimama. Injini uliyoiunda inatosha. Inakufa njaa ya mvuke.

Tuseme sasa umepata bar 15 na imebaki hapohapo mpaka juu. Kani itakuwa kilo 760. Magurudumu ya chuma kwenye reli kavu hushika kwa takribani robo ya uzito unaoyakalia, yaani kwako kama kilo 625. Ukizidi hapo yanazunguka bure. Reli ikiwa na unga wa mbao na ukungu wa asubuhi wa Mafinga, yatateleza mapema zaidi. Kwa hiyo hata nguvu uliyoahidiwa usingeweza kuitumia.

Tena joto lenyewe haliongezeki kama watu wanavyodhani. Kilo moja ya mvuke wa bar 10 kwenye geji imebeba takribani kilojuli 2,780. Ya bar 15 imebeba 2,790 na ushee. Ni kweli mvuke wa presha kubwa, ukiachiwa utanuke vizuri, hutoa kazi zaidi kidogo kwa kila kilo. Lakini ule mshono wako wa boila unabeba msongo ulioongezeka kwa nusu nzima. Linganisha mwenyewe unachopata na unachokiweka rehani.

Hili si jambo jipya, ndiyo maana linaniudhi. Wahandisi wa reli walishalipitia karibu miaka 100 iliyopita. Mwaka 1929 Uingereza, Nigel Gresley alitoa kichwa namba 10000 chenye boila ya takribani bar 31, mara mbili ya kawaida ya wakati ule. Kilisumbua, na kabla ya muongo kuisha kilijengwa upya kwa boila ya kawaida. Mwaka uleule wa 1929, Ufaransa, André Chapelon alichukua kichwa cha kawaida, namba 3566, kilichokuwa kikidharauliwa na waliokiendesha. Hakukimbilia presha. Alipanua njia za mvuke kutoka boila hadi silinda ili usibanwe, akaukausha zaidi mvuke wenyewe, akabadilisha pua ya kutolea mvuke pamoja na dohani. Kichwa kilichokuwa kikitoa nguvu za farasi 2,000 hivi kikatoa zaidi ya 3,000. Baadaye Livio Dante Porta wa Argentina aliendeleza njia hiyo, na mwanafunzi wake David Wardale akaitumia Afrika Kusini mwaka 1981 kwenye kichwa namba 3450: makaa yakapungua kwa asilimia 28 na maji kwa asilimia 30, huku nguvu ikipanda. Presha ya boila ilibaki karibu ileile.

Hata hapa kwetu. Wenzangu wa Mbeya wamezoea dizeli kwa sababu TAZARA ilianza na dizeli, lakini Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na Garratt za daraja la 59, vichwa vikubwa kuliko vyote vya mvuke kwenye reli ya mita moja duniani, vilivyopewa majina ya milima yetu. Kimoja kiliitwa Rungwe. Shirika lilipotaka kuviboresha, lilivifunga dohani bapa iliyobuniwa na Giesl wa Austria. Walishughulika na njia ya moshi. Valvu za usalama waliziacha.

Basi na wewe anzia hapo. Mvuke uliokwisha kazi kwenye silinda unapotoka kwa kasi kupitia ile pua chini ya dohani, unaburuta moshi, na moshi ukitoka hewa mpya inaingia chini ya moto. Ndiyo mapafu ya kichwa chochote cha mvuke tangu enzi za Stephenson, Mwingereza aliyeunda treni za mwanzo. Ninyi mko juu zaidi ya mita 1,800, mkandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo moto wenu unahitaji kuvuta hewa nyingi zaidi kupata oksijeni ileile. Mchoro ulionakiliwa kutoka pwani au Ulaya utakupunja.

Boila ikiwa baridi, chukua timazi ya fundi mwashi, iteremshe katikati ya dohani. Ncha yake iangukie katikati ya tundu la pua, sawasawa. Nimekuta pua iliyokaa upande kwa upana wa kidole gumba, mvuke wote unapiga ukuta mmoja wa dohani na upande wa pili moshi unarudi chini. Mwenyewe alikuwa ameshanunua geji ya bar 20. Ukimaliza hapo, siku moto unawaka pitisha mshumaa taratibu kuzunguka mlango wa chumba cha moshi, kile cha mbele kilicho chini ya dohani. Mahali popote mwali unaponyonywa ndani, pana tundu linaloiba hewa iliyopaswa kupita kwenye moto. Ziba yote. Usikimbilie kuibana pua iwe nyembamba: moto utawaka kweli, lakini pistoni zitakuwa zinasukuma mvuke wa kutoka kama mtu anayepuliza kwenye mrija uliokunjwa, na ulichopata kwenye moto utakipoteza kwenye silinda.

Mabanzi yako ni ya lini? Kama ni ya paini iliyopasuliwa wiki hii, nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja inakupa megajuli 8 hivi. Yaleyale yakikaa chini ya bati mpaka maji yashuke hadi moja ya tano, kilo inakupa kama 14. Hakuna spana duniani itakayokupa ongezeko hilo, na ninyi mna banda la kukaushia.

Funika silinda na bomba la mvuke kwa sufi ya kuzuia joto, kisha bati juu yake. Mvuke wa kawaida ukigusa chuma kilichopoa, sehemu yake inageuka maji palepale, nawe umeshaulipia kuni. Na dereva wako, akishaondoka, asiache mvuke uingie silindani mwendo mzima wa pistoni. Aukate mapema kwa wenzo wa valvu za silinda, karibu na nusu, uliobaki ufanye kazi kwa kutanuka. Madereva wengi wanaojifunza wenyewe hawaugusi huo wenzo mpaka jioni.

Sasa nirudi kwenye kinachoninyima usingizi. Umenipa kipenyo cha silinda hadi milimita, lakini hukuniambia chuma cha boila kina unene gani, kilitoka wapi, wala kama kilipimwa kwa maji. Boila kama yako hujazwa maji ya baridi mpaka hewa yote itoke, kisha husukumwa kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi, na kila mshono unaangaliwa. Yaani ili uruhusiwe 10, inapimwa 15. Huyo mshauri wenu anataka mfanye kazi kila siku kwenye presha ya majaribio, tena na chuma cha moto, tena watu wakiwa wamesimama kando.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kiwanda kimoja huku Nyanda za Juu, wanasema boila "imechoka". Valvu ya usalama ilikuwa imefungwa kwa waya wa kufungia nondo, mizunguko mitatu, nadhifu kabisa. Nikaingia ndani ya tanuri na tochi. Juu ya tanuri hukaa kizibo cha shaba chenye moyo wa madini laini, ambao huyeyuka maji yakipungua na kumwaga mvuke juu ya moto kabla chuma hakijalegea. Nilichokuta ni bolti ya chuma iliyozungushiwa tepu nyeupe ya mabomba. Bati lote la juu lilikuwa limebonyea kuelekea motoni, kama mkeka uliolaliwa. Mtunza boila, baba wa watoto, alikuwa analala kwenye magunia hatua tatu kutoka hapo kwa sababu ya baridi ya Juni. Aliniambia waya ule uliwekwa na fundi aliyelipwa kuja kuongeza nguvu.

Boila yenye kilo 200 za maji kwa bar 10 ina maji ya nyuzi joto 184. Chuma kikipasuka, kilo zaidi ya 30 hugeuka mvuke papo hapo, mita za ujazo 50 na zaidi, yaani chumba kizima cha kulala kinajaa mvuke kabla mtu hajapepesa macho. Mvuke huo hauunguzi kama moto wa kawaida ukasema utakimbia.

Kwa hiyo kila msomaji mwenye boila, iwe ya chai, ya mbao, ya kupikia shuleni au ya treni: mtu akija na mtungi wa gesi uliokatwa, bomba la chakavu lisilo na cheti au tangi la kompresa kuukuu akasema litafaa, mrudishe. Akija kukaza valvu, mrudishe. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ndio wenye kusimamia ukaguzi wa boila nchini, waiteni kabla ya kilima, na hesabu za unene wa chuma ziwe mezani watakapofika. Valvu ikishapangwa, ifungwe kwa waya mwembamba na lakiri ya risasi ili mkono ukipita uonekane. Ukikuta lakiri imekatika, toa moto, andika tarehe na saa kwenye daftari la boila, na wa kwanza kumpigia awe mkaguzi.