Maswali na Majibu: Anotesheni si Hirizi

Maswali mengi safari hii yanahusu anotesheni, yaani alama tunazobandika kwenye msimbo ili vikaguzi vione kasoro kabla programu haijaendeshwa. Nimechagua ya watu waliosoma maonyo yao mpaka mwisho. Kuna moja ambalo mwenyewe hakusoma, nalo nimeliweka makusudi.

Swali: Shikamoo fundi. Juu ya kila fanksheni tumeshaandika maoni, "usilete NULL hapa". Anotesheni ya nini tena?

Jibu: Marahaba. NULL ni pointa (anwani ya kumbukumbu) isiyoelekeza popote. Maoni yako husomwa na binadamu, tena akipata nafasi. Kikaguzi hakiyaoni. Na jambo hili si geni: lint, kikaguzi cha msimbo wa C cha Stephen Johnson, iliyotoka Bell Labs mwaka 1978, ilikuwa tayari inasoma `/*NOTREACHED*/` ili ijue kwamba utekelezaji haufiki pale. Kama sentensi yako ina maana, iandike kwa namna ambayo mashine itakubishia ukiivunja.

Swali: Nimeweka `__attribute__((nonnull))` kwenye fanksheni yangu ya C, na ndani nimebakiza `if (p == NULL) return -1;` kwa usalama. Kwa `-O0` (bila uboreshaji) kila kitu sawa. Kwa `-O2` (msimbo ukiboreshwa) programu inaanguka kana kwamba huo mstari haupo. Hii si kasoro ya GCC?

Jibu: Mstari haupo kweli. GCC, kompaila inayogeuza C yako kuwa programu, imeufuta, na wewe ndiye uliyeipa ruhusa.

Watu hudhani anotesheni ni hirizi: ukishaifunga kwenye fanksheni, NULL haitapita. `nonnull` haizuii chochote. Ni ahadi unayoitoa kwa niaba ya kila atakayeiita fanksheni hiyo, wakiwemo usiowajua. Kompaila ikiamini ahadi, huona `if` yako ni kazi bure na kuiondoa inapoboresha msimbo. Onyo la `-Wnonnull` nalo hukamata zaidi yale ya wazi, kama mtu aliyeandika NULL kwa mkono wake. NULL iliyopita mafaili matatu ndipo ifike kwako huenda isionekane kabisa. Kwa hiyo umepata ukaguzi kidogo na umepoteza kinga uliyokuwa nayo.

Wala si lazima uwe umebandika wewe. Kwenye glibc, maktaba ya C ya Linux, `memcpy` (hunakili baiti `n` kutoka `b` kwenda `a`) ilitangazwa kwa miaka mingi kuwa haipokei NULL. Ukiita `memcpy(a, b, n)` huku `n` ni sifuri na `a` ni NULL, ukidhani hakuna kinachonakiliwa basi hakuna neno, kwa tangazo hilo GCC ina haki ya kufuta ukaguzi wowote wa `a` unaofuata chini yake. Keneli ya Linux iliwahi kuumwa na nyoka wa ukoo huohuo mwaka 2009, kwenye draiva ya tun (ya mtandao wa kuigiza): pointa ilitumika kwanza, ikakaguliwa baadaye, kompaila ikaona ukaguzi hauna kazi na kuutupa. Pakabaki tundu la usalama, na tangu hapo keneli hujengwa kwa `-fno-delete-null-pointer-checks`.

Ufanye nini? Kama fanksheni inaitwa na watu wa nje, ondoa `nonnull` ubakize `if`. Kama unatumia Clang, kompaila nyingine ya C na C++, `_Nonnull` ni afadhali: huwaambia vikaguzi nia yako bila kumpa kompaila leseni ya kufuta. Na kama bado unataka vyote viwili ndani ya GCC, jenga kwa bendera ile ya keneli. Ila usibandike ahadi ambayo wewe mwenyewe huiamini. Hiyo `if` yako inaonyesha huiamini.

Swali: Habari. Nimewasha kikaguzi kimeleta maonyo mengi sana. Nayazima vipi yote kwa mpigo?

Jibu: Zima kompyuta.

Nimelijibu hili mara nyingi mno. `@SuppressWarnings("all")` juu ya klasi nzima ni anotesheni pia, na ni ile ya uongo kuliko zote: inasema umekagua kila kitu. Nyamazisha onyo moja, mahali pamoja, na uandike sababu kando yake. Wenzenu wa C wanaoweka `(void)` mbele ya fanksheni yenye `warn_unused_result` (onya jibu lisipotumika) wafahamu kwamba GCC haidanganyiki kwa hilo, onyo linabaki. Clang hunyamaza. Jibu la fanksheni kama hiyo limewekewa alama kwa sababu ukilipuuza kitu kitaharibika, basi lisome.

Swali: Kwenye Java kuna `@NonNull`, `@NotNull` na `@Nonnull`, kila maktaba na yake. Niagize ipi?

Jibu: Fujo hiyo ina historia. JSR 305, pendekezo la kiwango cha Java lililokusudiwa kuziunganisha, halikukamilika hata siku moja. Kwa mradi mpya chukua JSpecify, seti ya pamoja ya anotesheni hizi, ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitoka 2024. Angalia sana `@NotNull` ya jakarta.validation: hiyo hukagua data programu ikiwa inaendeshwa, kazi tofauti kabisa, na nimeona watu wakiibandika kwenye vigezo vya fanksheni za kawaida wakalala usingizi.

Halafu punguza kazi. Ukitumia NullAway, kikaguzi cha null cha Java, kila kitu huchukuliwa kuwa si null mpaka useme vinginevyo, kwa hiyo unabandika `@Nullable` peke yake. Wenzako wanaoita Java yako kutoka lugha ya Kotlin watakushukuru. Sasa hivi wanaona `String!`, maana yake Kotlin haijui kama ni null au la, na imewaachia wao.

Swali: Mkuu, salio la mteja linaguswa na thredi kadhaa (nyuzi za kazi zinazoenda sambamba), na mara moja moja linakuwa si sahihi. Tumepima wee, halijirudii. Anotesheni itasaidia?

Jibu: Hapa ndipo zinapolipa. Kwa C++ na Clang, andika `long salio GUARDED_BY(kufuli);` (kufuli huruhusu thredi moja tu kwa wakati) kisha ujenge kwa `-Wthread-safety`. Kila mahali panapogusa `salio` bila kushika `kufuli` patatajwa kwa faili na mstari. Fanksheni inayotegemea mwitaji awe ameshashika kufuli iwekee `REQUIRES(kufuli)`, na mwitaji mzembe atatajwa pia. Kasoro uliyoisaka kwa kupima itakuja yenyewe mezani.

Masharti: aina ya kufuli yenyewe lazima iwe na anotesheni, na `std::mutex`, kufuli ya libstdc++ (maktaba ya C++ ya GCC), haina, kwa hiyo utaifunika kwa klasi yako. Ndani ya konstrakta na destrakta, fanksheni za kuunda na kubomoa kitu, hakikaguliwi kitu. Na ukiona mwenzako ameweka `NO_THREAD_SAFETY_ANALYSIS` ili mradi ujengeke, muulize mbele ya watu.

Swali: Msimbo wetu wa C ni wa zamani na mkubwa. Tuanzie wapi?

Jibu: Msianze na NULL. Anzeni na fanksheni yenu ya logi: mkiipa `format(printf, 1, 2)`, kompaila itaona kila `%d` iliyopewa jina badala ya namba, na kwa `-Wformat-security` itawaonyesha aliyepitisha ujumbe wa mteja moja kwa moja kama fomati. Ni mstari mmoja tu kwenye faili la heda. Kisha nendeni mpakani, pale data ya nje inapoingilia. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoandika Sparse, kikaguzi cha msimbo wa keneli, mwaka 2003, alihangaikia mpaka huo: pointa iliyotoka kwa mtumiaji hupewa `__user`, na ukiigusa kwa `*p` badala ya kupitia `copy_from_user` au `get_user`, `make C=1` inakupigia kelele. Kwa kompaila ya kawaida alama hiyo ni hewa tupu, haiharibu wala haifuti kitu.

Swali: Naandika Python. Haya yananihusu?

Jibu: Yanakuhusu. Tangu 3.5 unaweza kuandika aina, na Python yenyewe haizijali programu inapoendeshwa. Usipoendesha mypy, kikaguzi cha aina, umepamba tu.