IST au kiwanja? Anko wa Pesa anajibu

SWALI: Shikamoo anko. Nina miaka 28, naishi Mbezi, kazi Posta. Mshahara mkononi laki tisa na nusu, nimepanga chumba na sebule laki na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Nimejibana nimefikisha milioni 9. Sasa kuna jamaa anauza gari, Toyota IST namba D, kwa milioni 12, hizo 3 zilizobaki nakopa saccos ya kazini. Bi mkubwa, mama yangu, amekomaa ninunue kiwanja Visiga kule Kibaha, milioni 6. Washkaji wanasema kiwanja hakiozi ila mgongo wangu utaozea kwenye daladala. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao washkaji wamenichekesha, ila waulize nani kati yao atakuchangia mafuta tarehe 20.

Tupige hesabu. Mbezi mpaka Posta kwenda na kurudi weka kilomita 45, IST kwenye foleni ya Morogoro Road tuseme inakupa kilomita 11 kwa lita, hizo ni lita 4 na ushee kwa siku. Bei ya petroli Ewura, wale wasimamizi wa mafuta, wanaibadilisha kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ila mimi nakadiria 3,000 tu, kwa hiyo 12,000 kwa siku, siku 22 za kazi ni 264,000, na hapo hujaenda harusini wala hujambeba shemeji. Bima ndogo, ile ya third party, 118,000 kwa mwaka, kama elfu kumi kwa mwezi. Fundi tenga 60,000 hata mwezi ambao gari halijaharibika, maana bushi, shokapu na matairi havikupigii simu kwanza. Makato ya saccos kwa miaka miwili ni 125,000 kabla hata ya riba. Jumlisha na kodi ya chumba, laki sita na elfu tisa zimeondoka, inabaki laki tatu na arobaini ule, uvae, ulipie parking ya Posta na umtumie mama. Ile akiba uliyokuwa unaweka ndio basi tena.

Halafu watu wanasema siku hizi hakuna road license. Ni kweli ile ya kila mwaka ilifutwa 2017, lakini ilihamishiwa kwenye mafuta, unailipa kila ukiingia sheli bila kujua.

Mimi yalinikuta. Nilikuwa na hela ya kiwanja Madale, nikaona kule porini nani ataishi, nikachukua Vitz. Vitz niliiuza kwa fundi kama skrepa, kile kiwanja sasa hivi kina geti na kamera, na kila nikipita pale nageuza shingo upande wa pili 😅

Ila usimkubalie mama haraka hivyo. Kiwanja cha mbali ndicho kinachokulazimisha kununua gari baadaye, nimeona watu wamejenga kilomita 6 kutoka lami, bodaboda asubuhi na jioni inawamaliza kuliko kodi waliyoikimbia. Nenda Visiga siku ya mvua, tena kwa daladala, uhesabu dakika mpaka ofisini. Angalia nguzo za umeme ziko wapi na majirani wanapata wapi maji. Na muhuri wa serikali ya mtaa peke yake sio hati, uliza kama kimepimwa, chukua namba ya kiwanja uende ofisi ya ardhi wakufanyie upekuzi, yaani wakuangalizie kwenye rekodi zao mwenye nacho ni nani, kabla hujatoa hata mia. Muuzaji akisema "kuna mtu mwingine anakuja na hela jioni", mwache aje.

Kama kazi yako ingekuwa kuzunguka na mzigo kwa wateja ningekwambia chukua gari kesho. Wewe unakaa ofisini, gari litakuwa juani masaa nane. Kiwanja kikipita upekuzi nunua, hiyo 3 inayobaki usianze msingi nayo, itakwama kwenye nondo, iache kwanza.

SWALI: Anko, si bora kuagiza mwenyewe Japan? Nimeona Passo bei ya kutupa.

JIBU: Hiyo bei ni ya gari likiwa bado Japan. Ingia kikokotoo cha TRA, weka mwaka na cc uone kodi. Gari likishazeeka linaongezewa ushuru wa uchakavu, na TRA wanatumia thamani yao, sio risiti yako. Ongeza meli, bandari, wakala na namba, ndio ulinganishe na bei za yard za hapa.