Kabla ya kusimika bango la mgombea mbele ya nyumba yako Texas

Uchaguzi unapokaribia hapa Texas, viwanja vya mbele vya nyumba hujaa mabango madogo ya wagombea, na ndugu zetu waliohamia karibuni huniuliza iwapo nao wanaruhusiwa kusimika lao. Mimi huanza kwa kuwauliza ardhi ile ni ya nani, na ni nani mwingine mwenye kauli juu yake.

Manispaa si ya kuogopwa kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1994, katika kesi iliyouhusu mji wa Ladue, Missouri, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mji hauwezi kumnyima mkazi haki ya kuweka bango la msimamo wake nyumbani kwake. Sheria ya Texas nayo inaizuia manispaa kukataza bango la kisiasa lililowekwa kwenye ardhi binafsi kwa ridhaa ya mwenyewe, mradi lisizidi futi za mraba 36 wala kimo cha futi 8, na lisiwe na taa wala sehemu zinazozunguka.

Msumbufu hasa ni chama cha wamiliki wa nyumba cha mtaa, yaani kile kinachowawekea wenye nyumba masharti ya mtaa na kuwatoza faini; kwa kuwa si chombo cha serikali, kinga hizo dhidi ya manispaa hazikifungi. Cha kwetu kiliwahi kuniandikia barua kikinitaka niondoe bango, la sivyo nitozwe faini. Nilijibu kwa maandishi, nikaambatisha picha yenye tarehe na kutaja kifungu cha 202.009 cha Sheria ya Mali ya Texas, kinachokizuia chama kukataza mabango ya uchaguzi kuanzia siku ya 90 kabla ya kura hadi kabla ya siku ya 10 baada yake. Faini haikuja. Hata hivyo, kifungu hichohicho kinakiruhusu chama kudai bango lichomekwe ardhini, liwe moja kwa kila mgombea na lisizidi futi 4 kwa 6, na hata kuling'oa linalokiuka; kwa hiyo ukilifunga kwenye mti, usitarajie kutetewa.

Ukanda wa nyasi ulio kando ya lami mara nyingi ni hifadhi ya barabara, ingawa (ajabu yake) ni wewe unayeufyeka. Usichomeke hapo.

Mpangaji asijitetee kwa kifungu hicho, kwani kinamtaja mwenye mali. Asome mkataba wake, kisha aombe ridhaa ya maandishi kwa mwenye nyumba.