Majuto ni Mjukuu: Kabla Hujamwita Mchezaji Timu ya Taifa ya Raga

Nilikaa kwenye jopo la kuteua timu ya taifa ya raga kwa misimu sita. Mitatu ya kwanza nilidhani kazi yenyewe ni kutazama mechi. Nilikuwa na daftari, kalamu mbili na mdomo mrefu: huyu huangusha mpira akikabwa, yule huishiwa pumzi dakika ya 60, mwingine anapiga teke safi lakini haoni pembeni. Mitatu ya mwisho nilikagua vyeti vya kuzaliwa vya bibi za watu kuliko nilivyotazama skramu, pale wachezaji wazito wa pande mbili wanaposukumana.

Aliyenibadilisha ni mchezaji wa safu ya pili, mrefu kama mnazi, aliyekulia ng'ambo. Bibi yake mzaa mama alizaliwa kwetu, na kwa kanuni za raga hilo linatosha. Ilikuwa miaka michache kabla ya 2022. Nilimpigia simu mwenyewe, nikamuuliza swali moja tu: "Umewahi kuichezea timu ya taifa ya nchi nyingine?"

"Hapana kaka, sijawahi."

Akaja. Wiki mbili za mazoezi tukapanga mipira yote ya kurushwa kutoka pembeni imwelekee yeye, maana hakuna aliyeweza kuruka naye. Siku mbili kabla ya kutangaza kikosi, usiku, dada anayetutunzia takwimu akaja na simu yake mkononi. "Mzee, hebu tazama hii." Ilikuwa picha ya zamani, kijana wetu ndani ya jezi ya timu ya pili ya taifa ya nchi aliyokulia, na chini yake orodha ya wachezaji. Aliingia dakika ya 69, dhidi ya timu ya pili ya nchi nyingine. Dakika 11 jumla.

Asubuhi nikamuuliza. Wala hakushtuka. "Ah, ile? Ile haikuwa timu ya taifa, kaka. Ile ilikuwa timu B."

Hakunidanganya. Swali langu ndilo lilikuwa bovu. Kanuni ya 8 ya World Rugby, shirikisho la raga la dunia, haimfungi mchezaji kwa timu kuu ya wachezaji 15 peke yake. Inamfunga pia kwa timu ambayo shirikisho limeiandikisha kuwa ya pili yake, pale inapocheza na timu kuu au ya pili ya nchi nyingine. Na timu kuu ya wachezaji saba kila upande nayo inafunga, mchezaji akishatimiza umri uliowekwa. Muulize Steven Shingler. Mwaka 2012 Scotland ilimwita, wazazi na vyeti vikiwa sawa, kumbe mwaka uliotangulia alikuwa ameichezea Wales ya vijana chini ya miaka 20 dhidi ya Ufaransa, na wakati huo mashirikisho yote mawili yalikuwa yameziandikisha timu hizo za vijana kuwa timu zao za pili. Akabaki mtu wa Wales. Mtindo huo wa kuwafunga watu kwa timu ya chini ya miaka 20 ulipigwa marufuku kuanzia 2018, ila mechi zilizochezwa nyuma zimeshachezwa.

Siku hizi siulizi kuhusu "timu ya taifa" hata kidogo. Nasema: nitajie kila jezi uliyowahi kuvaa yenye nembo ya nchi, iwe ya wachezaji 15 au saba, ya vijana au ya wakubwa, hata kama ulikaa benchi. Mlicheza na nani? Mwaka gani? Ulikuwa na umri gani? Mwache amwage yote, wewe ndiye uchuje. Mchezaji si mwanasheria, na ukimpa kazi ya kuchuja atachuja vibaya kwa moyo mweupe kabisa.

Tena sisi tulibahatika, tuligundua kabla ya mechi. Romania waligundua baadaye. Walimchezesha mtu aliyekuwa amekwisha kuichezea Tonga raga ya wachezaji saba, na mwaka 2018 wakakatwa pointi pamoja na Hispania na Ubelgiji, nao walikuwa na makosa ya aina hiyohiyo. Nafasi ya moja kwa moja ya Kombe la Dunia la 2019 ambayo Romania walikuwa wameitia mfukoni ikaenda kwa Urusi.

Sasa, hilo la mababu. Mchezaji anaweza kuichezea nchi aliyozaliwa, au aliyozaliwa mzazi wake, au babu au bibi yake. Wahenga waliposema majuto ni mjukuu sikujua walikuwa wanazungumzia raga. Mwaka 2000 Wales na Scotland zilipata aibu iliyoandikwa na magazeti kwa miezi: Shane Howarth na Brett Sinkinson walikuwa wakiichezea Wales kwa kigezo cha babu wasiokuwa wa Wales, na David Hilton wa Scotland akagundulika kuwa babu yake alizaliwa Bristol, Uingereza. Hakuna aliyekuwa amedai cheti mapema. Kila mtu aliamini habari za sebuleni.

Kwa hiyo usikubali simulizi, hata ikiwa nzuri, hata mama wa mchezaji akilia kwenye simu (imenitokea). Unataka mnyororo wa karatasi: cheti cha kuzaliwa cha mchezaji, cha mzazi, cha bibi. Mnyororo hukatika pale bibi anapoandikwa kwa jina la ubini kwenye cheti kimoja na jina la ndoa kwenye kingine, na hapo dawa ni cheti cha ndoa, kinachochukua wiki kadhaa kupatikana. Anza kukitafuta siku unayoanza kumtazama mchezaji. Ukisubiri siku unayomtaka umechelewa.

Njia ya tatu ni makazi, na hapa ndipo watu wengi bado wanatumia hesabu ya zamani. Ilikuwa miezi 36. Tarehe 1 Januari 2022 ikawa miezi 60 mfululizo, nchi hiyo ikiwa ndiyo makao yake hasa, au vinginevyo miaka 10 ya kujumlisha vipande vipande. Neno la kutilia mkazo ni mfululizo. Mchezaji akienda kucheza klabu ya nje msimu mmoja, hesabu yako inaweza kurudi sifuri huku bado unamhesabia. Mimi nataka mihuri ya pasipoti, na pasipoti yenyewe mkononi, kurasa zote. Nakala sizipokei. Hispania walipokea nakala. Ilikuja kubainika kuwa ilikuwa imechezewa ili kuficha muda ambao mchezaji hakuwepo nchini, na mwaka 2022 wakakatwa pointi 10, wakapoteza nafasi ya Kombe la Dunia kwa mara ya pili mfululizo kwa sababu za makaratasi. Romania wakapanda, na Ureno ikapata mlango wa mechi za mwisho za mchujo. Mwaka 2023 Ureno hiyohiyo iliifunga Fiji 24 kwa 23 pale Toulouse. Nikifikiria wale wachezaji wa Hispania wakiitazama mechi ile nyumbani, mwili unanisisimka.

Jambo jingine linalochanganya watu ni uraia. Kanuni za World Rugby hazidai pasipoti ya nchi unayoichezea. Tendai Mtawarira alizaliwa Harare, akawa nguzo ya skramu ya Afrika Kusini kwa mechi 117 na kombe la 2019 juu yake. Mwaka 2010 ulizuka mzozo wa kiserikali kwamba hana uraia, ilhali kwa kanuni za raga alikuwa halali kabisa, na mwaka huohuo akapewa uraia. Olimpiki ni habari nyingine: huko raga ya wachezaji saba inataka uraia. Nimeona kocha akijenga timu ya saba akimtegemea kijana aliyestahili kila mashindano isipokuwa yale ambayo timu nzima ilikuwa inayaota.

Turudi mezani, maana vikao vya uteuzi huharibika kwa kuchanganya maswali matatu. Anaruhusiwa? Tunamtaka? Ni bora kuliko tuliye naye? Mjumbe mmoja anasema "huyu hajui hata wimbo wa taifa", wa pili anamjibu "lakini kanuni zinamruhusu", wa tatu anadakia "anakaba kuliko wote". Saa mbili zinapita na hakuna aliyemjibu mwenzake. Mwenyekiti mzuri huanza na la kwanza, tena kwa faili, kabla jina halijatajwa mbele ya kocha. Kocha akishampenda mchezaji, hata karatasi mbovu ataiona nzuri.

La pili ni la sera, na linastahili kugombaniwa kwa sauti. Mimi nimebadilika. Zamani nilikuwa upande wa mkataa kwao mtumwa. Mtu akishavaa jezi moja ya taifa, avae hiyo hadi astaafu. Kanuni mpya ya 2022 ilinikera nilipoisoma mara ya kwanza: mchezaji aliyewahi kuichezea nchi moja anaweza kuhama mara moja, akikaa miezi 36 bila mechi ya kimataifa, ikiwa yeye, mzazi, babu au bibi alizaliwa nchi anayohamia, na World Rugby ikaridhia. Nikaona ni soko. Kisha nikamwona Charles Piutau, aliyewahi kuwa All Black, yaani mchezaji wa timu ya taifa ya New Zealand, akiichezea Tonga. Nchi ndogo za Pasifiki zimelea vipaji miaka nenda rudi, vikachukuliwa vikiwa vichanga, vikachezeshwa mechi chache na kuwekwa kabatini. Kumrudisha mtoto kwao baada ya kabati si soko. Ila kumleta mtu asiye na bibi wala babu, anayehesabu miezi 60 huku mkataba wake ukiandikwa na watu walewale watakaomteua, hapo roho yangu bado inasita, na nitapiga kura ya hapana hadi nione kijana wa nyumbani kwenye nafasi hiyo amepewa mechi za kutosha.

Kuna na lile la wanaocheza klabu za nje. New Zealand huwataka wachezaji wake wabaki nyumbani. Australia mwaka 2015 ililegeza kamba kwa waliofikisha mechi 60 za taifa na miaka saba ya kuitumikia raga ya nyumbani. Afrika Kusini humwita yeyote popote alipo, na vikombe vya 2019 na 2023 vinawapa haki ya kujigamba. Kwa timu isiyo na ligi ya kulipa mishahara, kuwafungia nje wanaocheza nje ni kujikata mguu. Ita, lakini zingatia kalenda: klabu hulazimika kumwachia mchezaji kwenye madirisha ya kimataifa tu, yaani vipindi vilivyotengwa kwa mechi za timu za taifa, na kambi yako ya wiki ya ziada haimhusu mwajiri wake.

Swali la tatu, la ubora, ndilo watu wanalipenda, na mimi nitasema kitu kimoja tu juu yake. Hesabu mstari wa mbele kwanza, wale wanaokutana uso kwa uso na wapinzani kwenye skramu. Kati ya wachezaji 23 wa mechi lazima sita wawe wa mstari wa mbele, na hao hawapatikani kwa kubahatisha. Fainali ya Kombe la Dunia la 2023 Bongi Mbonambi wa Afrika Kusini, wa mstari wa mbele na mrushaji wa mipira ya pembeni, aliumia dakika za mwanzo kabisa, na mrithi wake alikuwa Deon Fourie, mwenye miaka 37, aliyezoea zaidi kucheza ubavuni mwa skramu. Mipira yao ya kurusha iliyumba usiku kucha, na benchi ilikuwa na mchezaji mmoja tu wa nyuma. Walishinda 12 kwa 11. Wewe ukijaribu hivyo bila wachezaji wa aina yao, utarudi na kilio.

Yule wa dakika 11 alinipigia simu mwanzoni mwa 2022. Alikuwa amesoma habari za miezi 36, na kwake ilikuwa imepita zaidi ya mara mbili. Aliniuliza kama bado ninacho cheti cha bibi yake. Ninacho, nikamwambia, kiko kwenye faili pamoja na cha mama. Akacheka. Goti la kushoto lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji mara mbili, na Jumamosi zake sasa anafundisha watoto kuruka. Akaniomba nikiskani nimtumie, mama yake alikuwa anakitafuta.